Bar ya michezo Kamalondo: nivalishe mgodi, mpira ao sebule ya zamani?

Kasuku10
Jambo yenu. Nimepata nyumba ya kupanga hapa Kamalondo, Lubumbashi, mwenye lupangu anataka jibu Jumamosi. Nataka bar ambamo watu hawaji kunywa tu, wacheze: biyardi, babifuti (mpira wa mezani), dama, karata, labda pleisteshen kwenye kona. Sasa ndani nivalishe nini? Nina mawazo matatu. Mgodi: kuta nyeusi, taa za wachimbaji, kaunta ya shaba na malakiti, lile jiwe la kijani. Ao mpira. Ao sebule ya bibi ya miaka ya 1970, na makochi, vitambaa vya kufuma na redio kubwa. Mke wangu anataka sebule, mimi mgodi. Mtuamulie.

FundiKatuba
Mita ngapi? Dari iko juu kiasi gani? Choo kiko upande gani? Umeme unakatika mara ngapi? Hujasema hata kimoja, unatuuliza rangi.

MamaWaMichopo
Na pesa ngapi, papa. Unaniambia nipike bukari (ugali) bila kusema watu wangapi wanakuja.

Mamba1967
Uko Kamalondo, uwanja wa timu yetu TP Mazembe uko palepale, halafu unajiuliza? Nyeusi na nyeupe, ukuta mmoja uandike miaka ya makombe yetu ya Afrika: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Kisha kipa wetu Kidiaba akirukaruka kwa makalio, mkubwa, mlangoni. Imekwisha.

Cheminot_B
Ukitundika mamba wa Mazembe mlangoni, sisi wa Lupopo, timu nyingine ya mji, umetufungia. Nusu ya mji inakunywa kwingine. Na siku ya dabi nani atalipa viti?

Mamba1967
Nusu ya mji? Robo. Timu gani ya Afrika ilifika ya kwanza fainali ya dunia ya klabu, 2010?

Cheminot_B
Mkapigwa 3-0 na Inter. Hiyo nayo utaiandika ukutani?

FundiKatuba
Muache mpira. Kasuku, nikusimulie yangu, maana mimi nilifungua ya namna hiyo, nikafunga kabla ya mwaka kuisha. Nilianza na mapambo kama wewe. Nilipaka kuta nyeusi, nikateremsha dari kwa mbao nyembamba ili paonekane kama pango. Meza ya biyardi ikafika mwisho, na hapo ndipo nikapima! Meza ndogo ya bar, sehemu ya kuchezea ni karibu mita 2 kwa mita 1. Fimbo ni mita 1 na sentimita 47. Ili mtu avute mkono vizuri pande zote unahitaji chumba cha mita 5 kwa 4, kitupu, bila kiti. Mimi nilikuwa na mita 3 na nusu kwa upana. Upande wa ukuta tulikata fimbo moja ikawa fupi, watu wakaiita "ya mtoto". Upande wa pili palikuwa njia ya kwenda chooni. Kila anayepita anapigwa kiwiko, ao anagonga fimbo wakati mwenzake analenga mpira mweusi ambao wamewekea dau. Ugomvi kila Ijumaa. Bia ikamwagika juu ya kitambaa cha kijani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu sikuhesabu tena.

Halafu meza yenyewe. Niliokoa pesa, nikachukua ya mbao iliyobanwa, si ya jiwe. Mwezi wa kumi na mbili mvua ikaingia, mbao ikavimba, mipira yote ikaanza kuelekea kona moja, taratibu, hata ukiipiga kwingine. Watu wa mtaa wakaijua ile kona. Mgeni akija wanamfanya anacheza mbali nayo, wao wanasubiri tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nasimama kaunta naona mgeni anapoteza franga zake, sisemi kitu. Mpaka leo naona haya.

MamaWaMichopo
Pole, kaka. Lakini ulicheka, sema ukweli.

FundiKatuba
Kidogo.

Mtoto_wa_Kipushi
Mimi napinga mgodi kwa sababu nyingine. Baba yangu alishuka chini ya ardhi Kipushi miaka mingi. Umwambie alipe bia akae tena gizani, chini ya dari ya mbao nyeusi? Watakuja vijana wa kupiga picha, wiki mbili, basi. Kama unataka shaba, ichukue kwenye moto: rangi ya chungwa, matofali mekundu, umbo la ile cheminé (bomba la moshi) ya kiwanda tunayoiona kila siku. Hapa kiwanda kilianza kuyeyusha shaba 1911, si lazima uonyeshe shimo.

Kasuku10
Hiyo ya moto nimeipenda. Na misalaba ya shaba, ile iliyokuwa pesa ya zamani, mitatu juu ya kaunta?

Mtoto_wa_Kipushi
Mitatu pamoja ni bendera ya Katanga ya 1960! Weka mmoja, ao minne. Mitatu itakuletea wazee wa siasa kila jioni, na wengine wasio wazee.

Cheminot_B
Kaunta ya shaba inakuwa nyeusi upesi, utasugua ndimu na chumvi kila asubuhi. Na kipande kilicholegea kitaondoka na mtu usiku.

MamaWaMichopo
Hakuna aliyezungumza taa. Wanaume mnaweka zile nyeupe za duka la dawa, mtu anaonekana mgonjwa, wanawake hawarudi. Nunueni za njano. Juu ya meza ya biyardi shusha taa moja yenye kofia, kivuli cha mkono kisiangukie mpira. Makochi ya kitambaa msiweke: bia, mafuta ya nyama, harufu. Weka mabenchi ya mbao ya mulombwa na mito yenye foronya za kufua. Na chini ya mabati, mvua ikipiga, hamsikilizani hata kusema "dama". Kitambaa kizito ukutani kinapunguza mwangwi, kwa mvua utahitaji dari.

Mzee_Ruashi
Watoto, mnasahau kisolo, bao letu. Safu nne za mashimo, mbegu, haihitaji umeme, haipotezi fimbo. Mtaka mapambo ya kwetu, meza yenyewe ndiyo pambo. Seremala anachonga mbili kwa siku chache.

Mamba1967
Mzee, sheria ni zipi? Kwetu kila mtu ana zake.

Mzee_Ruashi
Zenu ni za uongo. Njoo Jumapili.

FundiKatuba
Kasuku, mita?

Kasuku10
Nimetoka kupima sasa hivi. 9 kwa 5 na nusu. Dari mita 2 na sentimita 60. Choo nyuma, njia inapita katikati. Umeme tutaona. Lo, nilisahau: kuna nguzo mbili katikati ya chumba.

FundiKatuba
Nguzo!

Cheminot_B
Moja rangi ya njano na buluu ya Lupopo, nyingine nyeusi na nyeupe.

MamaWaMichopo
Na kodi ni ngapi? Bado hujasema.