Naombeni ushauri: nimwoneshe huyu mzee picha nilizorekodi stendi?

KameraUsiku: Habari wakuu. Narekodi filamu ya maisha halisi ya watu wanaolala stendi ya mabasi. Sasa kuna mzee kanifuata, anasema binti yake katoroka nyumbani na huenda yumo kwenye picha zangu. Anataka azitazame zote. Ukweli ni kwamba yumo. Aliniambia amekimbia ndoa asiyoitaka, akanisihi nisimtaje. Nimeanza hata kuiogopa kazi yenyewe. Natanguliza shukrani.

Mwanasinema: Usimwoneshe. Jambo la namna hii lilimkuta Krzysztof Kieślowski, mwongozaji filamu wa Poland. Mnamo 1980 alikuwa akirekodi abiria kwenye stesheni kuu ya treni ya Warsaw. Usiku mmoja polisi wakazichukua filamu zake: walikuwa wanamsaka msichana aliyemuua mama yake na kuuacha mwili kwenye masanduku palepale stesheni. Msichana hakuwemo, filamu zikarudishwa. Lakini Kieślowski akabaki na swali: je, kama angekuwemo? Angekuwa amewafanyia polisi kazi bila kujua! Baada ya hapo akaegemea zaidi hadithi za kubuni, ambako anayelia ni mwigizaji. Ndiko zilikotoka filamu kumi za Dekalog, na ile ya Blue iliyotwaa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 1993. Fikiria njia hiyo, mkuu.

MamaZulfa: Kutomwonesha, sawa kabisa. Ila msimkatishe tamaa. Huyohuyo Kieślowski mwaka 1982, Poland ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, aliingiza kamera mahakamani kwenye kesi za kisiasa. Majaji wakiiona wanasita kuwafunga watu, hadi mawakili wakawa wanamwita aje. Huko ndiko alikofahamiana na wakili Krzysztof Piesiewicz, aliyeandika naye filamu zote kubwa zilizofuata. Kwa hiyo kamera inaweza kumkinga mtu vilevile, inategemea umesimama upande wa nani.

KameraUsiku: Ya mahakamani sikuijua, nimepata nguvu. Je, binti nimwambie?

MamaZulfa: Mwambie leo kwamba anatafutwa. Akitaka kipande chake kiondolewe, kiondoe bila kumbishia. Na kama hajatimiza miaka 18, nenda naye kwa afisa ustawi wa jamii, usilibebe peke yako. Mzee mjibu kwa heshima kuwa picha za watu huwaoneshi wengine bila ridhaa yao, basi. Usimwambie yumo wala hayumo.