Naomba ushauri: kupiga picha za watu Muscat na Nizwa

Habari zenu ndugu wanakikundi. Nipo Muscat, mji mkuu wa Oman, safari yangu ya kwanza nje ya Tanzania, na kamera haibanduki shingoni. Majengo na bahari ya Mutrah, mtaa wa bandarini wenye soko la zamani, havinisumbui. Kazi ipo kwa watu. Ndani ya soko kuna wazee wanaouza ubani na majambia. Baadhi yao wakisikia natoka Dar wanaingia kwenye Kiswahili cha Unguja papo hapo, tena safi kuliko changu! Wananikaribisha kahawa na tende, tunapiga soga. Nikiinua kamera tu, uso unabadilika na maongezi yanakatika. Nimejaribu kuomba ruhusa mwanzoni kabisa. Wanakubali, ila wanasimama kama wanapiga picha ya pasipoti. Kuwavizia sitaki, na wanawake siwapigi kabisa.

Ijumaa asubuhi nakwenda Nizwa kwenye mnada wa mbuzi. Mliowahi kupiga picha Oman, ruhusa mnaiomba wakati gani, kabla ya kahawa au baada? Na pale mnadani lenzi ya mm 50 itatosha, au niazime ya mm 35 inayochukua eneo pana zaidi? Natanguliza shukrani.