Moyo haunitulii: hii Zen yafaa mtu kama mimi?

Kisauni_Mwisho

Salam aleikum ndugu zangu, na Wakristo walioko humu habari zenu. Naandika saa nane usiku manake usingizi umekataa tena, mke wangu na mtoto wamelala na sitaki kuwasha taa.

Mimi nilikuwa nafanya klaringi, miaka kumi na moja naingiza makaratasi ya mizigo ya bandarini, na mwezi wa nne nikakosea kitu kimoja. Namba ya ushuru wa bidhaa ina tarakimu 8, nikakosea moja tu, mzigo ukasomeka kitu chengine kabisa, na mpaka tuje turekebishe kontena lishalala siku kumi na tatu na gharama ya kulilaza imepanda, mteja akahamia ofisi nyengine, bosi akaniambia nikae nyumbani kwanza. Hiyo "kwanza" ndo mpaka leo. Sina ugomvi na yeye, kosa ni langu. Lakini ile tarakimu haitoki kichwani, nikila naiona, nikiswali naiona mpaka nasahau niko rakaa ya ngapi.

Na wiki iliyopita binti yangu wa miaka sita kamwaga uji kwenye mkeka. Kikombe kimoja tu. Nilimpigia ukelele ambao hata hakulia, alinyamaza akaniangalia. Tangu siku hiyo akisikia naingia hukiweka kikombe chini kwa mikono miwili, polepole. Hilo ndo lililonifanya niandike.

Sasa rafiki yangu mmoja aliniambia nijaribu Zen, akanitumia video ya watu wamekaa wanatazama ukuta, sikufahamu kitu. Naomba mnaojua mnieleze, hii ni dini? Mtu aweza kufanya nyumba ya vyumba viwili na jirani ana redio? Na hili neno la kujikubali wanalolisema sana, si ndo kusema nikubali mimi ni mzembe basi yaishe? Manake naona nikijisamehe nitakosea tena, hii adhabu ndo inanishika. Hofu yangu iko hapo.

Tudor_Creek

Kaka pole sana, na nashukuru umelisema la mtoto, wengi hulificha.

Mimi nimekaa Zen mwaka wa saba huu. Nilifunzwa na mgeni mmoja mzee Mjapani nilipokuwa nafanya kazi hotelini pwani ya kusini, kila alfajiri nilimkuta barazani amekaa kimya, siku moja nikamuuliza nini, akanipa mto nikae. Hakuhubiri chochote, naapa. Nikupe nilichopata.

Neno lenyewe Zen ni Kijapani, limetoka kwa Wachina waliosema chan, nao walilichukua Uhindi, dhyana, manake ni kutulia katika tafakuri. Chimbuko lake ni dini ya Budha, hilo sikufichi. Lakini zoezi lenyewe, zazen, ni kukaa tu. Waweka mto mgumu chini ya makalio, magoti yaguse chini, mgongo wima bila kukakamaa, mkono wa kushoto juu ya wa kulia na vidole gumba vigusane kidogo, macho nusu wazi yaangalie sakafu mbele yako. Halafu wahesabu pumzi ikitoka, moja, mbili, mpaka kumi, warudi moja. Basi. Fikra ikikubeba (na itakubeba kabla ya nne) warudi moja bila kujitukana. Kule kurudi ndiyo kazi yenyewe, watu wengi wadhani wameshindwa kumbe hapo ndo wanafanya. Kwenye mahekalu yao hupima muda kwa kijiti kimoja cha ubani kiishe, wewe anza dakika kumi. Redio ya jirani iache icheze, hukukaa ili dunia inyamaze.

La kujikubali. Kuna mwalimu Shunryu Suzuki alitoka Japani akaenda San Francisco 1959 akafa huko 1971, aliwaambia wanafunzi wake kwamba wako kamili vile walivyo, na bado kuna kidogo cha kurekebisha. Yote mawili pamoja! Nilipolisikia mara ya kwanza niliona kama anajipinga, lakini fikiria binti yako, alipomwaga uji alipunguka nini kama mtoto wako? Hakupunguka kitu. Na bado atafunzwa kushika kikombe. Kujikubali ni kuitazama ile tarakimu ilivyo, tarakimu moja, siku fulani, nimechoka, na kutoijengea nyumba ikawa ndo jina langu. Anayejipiga usiku kucha haangalii kosa, anajiangalia yeye, na kesho akienda kazini hana usingizi wala mkono uliotulia, hapo ndo atakosea tena.

Na kwa sababu wewe ni mtu wa bandari nikupe hiki kisa. Dogen, mtawa wa Kijapani aliyezaliwa 1200, alivuka bahari kwenda Uchina 1223 kutafuta elimu hii. Meli ikiwa ingali imetia nanga, akapanda mzee wa miaka sitini na ushei, mpishi wa hekalu fulani, ametembea safari ndefu kuja kununua uyoga wa Kijapani awapikie watawa wenzake. Dogen akamsihi alale wazungumze mambo ya ndani, mzee akakataa, kesho kuna chakula cha kupika. Dogen akamuuliza, umri huu si bora ukae utafakari usome kuliko kuhangaika jikoni? Mzee akacheka, akamwambia kijana hujafahamu bado hii njia ni nini. Likamkaa Dogen miaka mingi, na 1237 akaandika maelekezo marefu ya mpishi wa hekalu, mna mpaka namna ya kuosha mchele, uangalie mchele na mchanga kwa pamoja, usitupe punje. Kwa hiyo usidhani ni mambo ya kukaa ukutani peke yake, kuosha vyombo pia ni hiyo hiyo, kupanga makaratasi ni hiyo hiyo, mradi mikono na akili ziwe pahali pamoja.

Abu_Naima

Ndugu yangu wa Kisauni, Allah akufariji. Nasema kwa mapenzi wala si kwa kumshambulia Tudor_Creek. Kwetu hili tunalo. Tafakuri tunayo, dhikri tunayo, na Qur'ani imetwambia nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mola, Ar-Ra'd aya ya 28. Kabla hujaenda Japani, je, umejaribu kukaa baada ya alfajiri mpaka jua litoke, na tasbihi yako tu, simu iko nyumbani? Kwenye hizo picha za Zen mimi nimeona sanamu na watu wanasujudu, hapo ndo nauliza, mtu aanzie wapi na asimame wapi?

Na la toba, masharti yake wayajua, kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi, na kama kuna haki ya mtu uirudishe. Hakuna sharti la kujitesa miezi. Ukishatubu na ukaendelea kujipiga, jiulize huo msamaha unamsubiri nani.

Tudor_Creek

Abu_Naima ahsante, umesema la haki. Ni kweli mahekaluni kuna sanamu ya Budha na watu huinama mbele yake, asiyetaka asiende huko na asiinamie kitu. Kukaa na kuhesabu pumzi hakukudai usadiki jambo. Kulikuwa na padri Mjesuti wa Kijerumani, Hugo Enomiya-Lassalle, aliishi Japani, alikuwa Hiroshima bomu lilipoanguka 1945 akajeruhiwa, na alifanya zazen na kuifundisha miaka mingi akabaki padri mpaka alipokufa 1990. Mimi mwenyewe sijaacha swala hata moja, na tangu nianze kukaa Fatiha naisikia neno kwa neno, zamani ilikuwa inapita tu. Lakini kama moyo wako wasita, hiyo dhikri ya baada ya alfajiri yatosha kabisa, siuzi kitu hapa.

Bi_Pilau

Mwanangu wa Kisauni, mimi mtu mzima, simu hii nimeekewa na wajukuu, nisamehe nikiandika vibaya.

Hapo kwenye mchele na mchanga nimesita nikasoma mara mbili. Mimi ni mpishi wa harusi hapa Mji wa Kale, mwaka wa thelathini na kitu huu, nimechagua mchele magunia na magunia. Yule mtawa Dogen amesema kweli. Ukiwa na uteo mapajani na roho iko kwengine, jicho laangalia lakini halioni, chenga na changarawe zote nyeupe. Ukiwa na hasira ndo vibaya zaidi, watupa changarawe moja na punje kumi.

Sasa nikwambie langu ambalo sijamwambia mtu. Kuna harusi moja niliunguza pilau. Sufuria kubwa la kilo ishirini, makaa ya juu ya kifuniko nikasahau kuyapunguza kwa sababu nilikuwa nagombana na mtu wa viti, harufu ikaanza kutoka wageni washafika. Kulikuwa na msichana ananisaidia moto, mtoto wa watu, yatima. Nikamgeuzia yeye, mbele ya kina mama wote, nikamwita asiye na akili. Hakujibu. Alichukua mtandio wake akaenda zake na hakurudi tena kwangu. Mwanangu, lile pilau lilisahauliwa wiki ile ile, tulitoa la juu tukaacha ukoko, watu wakala. Lakini yule msichana nilimbeba miaka miwili, kila nikiwasha makaa namuona ameinama aokota mtandio. Na wajua miaka miwili hiyo nilikuwa mkali kuliko mwanzo? Kila aliyekuja kunisaidia alikiona. Roho ikiwa inajichukia haina cha kumpa mtu.

Siku moja nikavuka feri nikaenda kwao Mtongwe. Nikamkuta anafua. Nikakaa chini kwenye kigoda, nikamwambia mwanangu pilau niliunguza mimi. Basi. Hatukulia wala nini, alisema haya bibi, akaniletea maji ya kunywa. Yale maji nayakumbuka mpaka leo, kikombe cha bati.

Wewe wako ana miaka sita, huna haja ya kuvuka feri. Kaa naye kwenye huo mkeka, muombe radhi kwa maneno kabisa, mwambie baba alikosea. Watu wengi wa kwetu wadhani mzazi akimuomba mtoto radhi heshima yaondoka. Si kweli. Usingoje mpaka moyo utulie ndo uende, nenda na huo huo unaotetemeka.

Sista_wa_Zamu

Bi_Pilau nimesoma nikiwa kwenye mapumziko ya zamu machozi yananitoka, Mungu akuweke.

Kaka mimi ni nesi, nikuongezee moja la kazi yetu. Tangu mwezi wa nne hulali, hilo usilichukulie ni la kawaida. Pita kliniki yoyote umwambie daktari vile vile ulivyotuandikia, na kama kuna siku fikra zinakuja za kutotaka kuishi basi usingoje kesho, mwamshe mkeo usiku huo huo. Kukaa kimya ni kuzuri na hospitalini kunatumika, Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, alianzisha mafunzo ya wiki kadhaa mwaka 1979 kwa wagonjwa wa maumivu yasiyoisha, na yeye mwenyewe alikuwa amefunzwa na walimu wa Zen. Lakini kuna watu wakifunga macho na kunyamaza mawazo ndo yanapanda, nimewaona. Ikiwa ni wewe, usikae, tembea. Hao hao watawa baina ya kukaa na kukaa hutembea polepole sana, hatua moja pumzi moja. Mimi hufanya nikishuka feri upande wa Likoni baada ya zamu ya usiku, watu wananipita mbio na mizigo, mimi nahesabu nyayo zangu mpaka juu kule kwenye magari. Hakuna anayejua nafanya nini.

Na ile sauti inayokusema usiku, isikilize vizuri maneno yake halafu ujiulize, rafiki yako wa ofisini angekosea tarakimu hiyo hiyo ungemwambia hivyo? Ungemwambia pole, twende tukarekebishe.

Tudor_Creek

Nimekumbuka kitu kimoja cha huruma. Zamani Uchina watawa wawili, mmoja alimuuliza mwenziwe, yule mwenye huruma wa dini ya Budha, anayechorwa na mikono mingi na macho mengi, yote hiyo anaifanyia nini? Mwenziwe akajibu, ni kama mtu aliyelala usiku wa giza ananyoosha mkono nyuma kutafuta mto wake. Sitaeleza zaidi, mimi mwenyewe nilikaa nayo mwaka mzima.

Kisauni_Mwisho

Nimerudi baada ya siku tisa, samahanini kwa kimya. Abu_Naima nimekaa msikitini baada ya alfajiri siku tano, siku ya kwanza nilitoka nikiwa na hasira zaidi, siku ya nne nikasahau kuangalia saa. Nyumbani nakaa dakika kumi kwenye mkoba wa unga nilioukunja, jirani na redio yake, kuhesabu pumzi sijafika kumi hata mara moja, mbali zaidi ni saba. Tarakimu bado yaja. Ila sasa ikija naona ni 4 iliyotakiwa kuwa 7, zamani ilikuja kama ukelele. Sista kliniki nimekwenda, nimepewa siku ya kurudi.

Mamangu Bi_Pilau, nilimuomba radhi. Nilikaa mkekani nikasema vile ulivyosema. Akaniuliza, "kwani ule uji ulikuwa wako?" Nikasema hapana. Akasema haya, akaendelea kuchora. Kikombe bado anakiweka kwa mikono miwili, sijui itachukua muda gani na simharakishi.

Jana usiku niliamka tena saa tisa. Joto, feni imekatika na umeme, mtoto amejifunua shuka na mbu wapo. Nikanyoosha mkono gizani nikamfunika miguu, na nilikuwa nishalala tena kabla ya kufahamu kuwa nimeamka. Asubuhi ndo nikaukumbuka ule mto wa Tudor_Creek.