Kesi ya Vasa 1628: mizinga ilifungwa, sawa, lakini hilo ndo lilikuwa swali?

Wakuu, naomba tujadili kesi ya karibu miaka 400 iliyopita maana kila ikitajwa naona watu wanaishia kwenye jibu jepesi la "nahodha mzembe" au "mfalme mbishi" halafu basi.

Kwa ufupi kwa ambao hawaijui. Vasa ilikuwa meli ya kivita ya Uswidi, mpya kabisa. Jumapili tarehe 10 Agosti 1628 ikang'oa nanga Stockholm, watu wamejaa ufukweni wanaiangalia, ikapiga mizinga ya salamu, ikaenda kama mita 1,300 tu, upepo ukaipiga ikalala upande, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga ya chini ambayo yalikuwa wazi, ikazama hapohapo bandarini. Walikufa watu kama 30. Mfalme Gustav II Adolf alikuwa vitani Prussia, alipopata habari akaandika barua kwamba waliohusika watafutwe na waadhibiwe.

Sasa nahodha Söfring Hansson alikamatwa, na moja ya mambo aliyobanwa nayo ni je, mizinga ilikuwa imefungwa kamba? Ukifikiria ni swali la maana. Meli ilikuwa na mizinga 64 ya shaba nyeusi, mingi yao ya kurusha tufe la ratili 24, kila mmoja ni zaidi ya tani, sasa vitu hivyo vikikatika kamba vikaserereka upande mmoja meli inakwenda nayo. Na kama ndivyo, basi kosa ni la wapiga mizinga, kesi imekwisha, wakubwa wote wako salama. Hansson akaapa kwamba wamkatekate vipande elfu kama kuna mzinga hata mmoja haukufungwa, akaapa pia mabaharia hawakuwa wamelewa. Erik Jönsson aliyehusika na mizinga naye akasema ilifungwa. Mimi nawaamini wote wawili.

Lakini ukiniuliza ushahidi wa uzito kwenye kesi ile ulikuwa wapi, nitakwambia ni wa Jöran Matsson, aliyekuwa anasimamia farumi, yaani mawe yanayowekwa chini kabisa ya meli kuipa uzito isipinduke. Mbele ya baraza pale ikulu tarehe 5 Septemba, Matsson akaeleza kwamba kabla ya safari watu 30 walikimbizwa juu ya meli kutoka ubavu huu hadi ule ili waone inatikisika vipi, mara ya kwanza ikalala upana wa ubao mmoja, mara ya pili mbao mbili, mara ya tatu mbao tatu, wakasimamishwa maana wangeendelea ingepinduka palepale gatini! Na aliyekuwepo anaangalia ni Klas Fleming, admirali mkubwa tu. Matsson akasema meli ni nyembamba tumbo halibebi, Fleming akamjibu kwamba fundi ameshaunda meli nyingine kabla ya hii hana haja ya kuhangaika.

Someni hapo mara mbili. Shahidi anasema mbele ya wakubwa kwamba hatari ilionekana, ilipimwa, na mkubwa mwenye jina lake akaipuuza, na Fleming hakuadhibiwa. Baraza likaenda kwa mafundi, Hein Jakobsson akasema alijenga kwa vipimo alivyopewa na vilivyokubaliwa na mfalme, fundi wa mwanzo Henrik Hybertsson alishafariki 1627, na Arendt de Groote, mshirika wa Hybertsson kwenye mkataba wa ujenzi, alipoulizwa kosa ni la nani akasema Mungu pekee ndiye ajuaye. Hapo kila mtu kanyamaza maana swali linalofuata lingemfikia mfalme mwenyewe, aliyeidhinisha vipimo.

Najua kuna watakaosema Matsson alikuwa anajiokoa, yeye ndo alikuwa na dhamana ya farumi kwa hiyo lazima amsukumie mwingine. Hoja nzuri, naikubali kwamba alikuwa na sababu ya kujitetea. Ila anayejua jahazi anajua farumi ina mwisho, ukiongeza mawe meli inakaa chini zaidi na yale madirisha ya mizinga yanazidi kusogea majini, kwa hiyo hata angetaka asingepata pa kuongeza. Na ile meli ilipoibuliwa mwaka 1961 ikapimwa, ikaonekana kweli juu ni nzito kupita kiasi na chini haina mwili wa kutosha, upepo wa kawaida tu ulitosha kuilaza. Mizinga yenyewe mingi ilishatolewa na wazamiaji kwenye miaka ya 1660 kwa kutumia kengele ya kuzamia (chombo kama kengele chenye hewa ndani), ilibaki mitatu. Yaani ufungwe usifungwe, ingezama tu.

Nahodha sasa, na hapa ndo najua tutagombana. Watu wanamhurumia Hansson kwa sababu kiapo chake kilikuwa cha kweli, na mimi nakubali kilikuwa cha kweli. Lakini yeye mwenyewe ndo alimwita Fleming aje aone lile jaribio! Alijua meli yake inayumba, aliona kwa macho yake watu wanasimamishwa, halafu siku ya safari akatoka na madirisha ya chini yako wazi. Angeyafunga tu baada ya salamu pengine ingelala ikainuka, au ingezama polepole watu wakaokoka, sijui. Kwangu kiapo cha mizinga kilimfunika kwenye swali alilostahili kuulizwa, kwa nini uliondoka na madirisha wazi wakati ulikuwa unajua?

Mwisho wa yote hakuna aliyeadhibiwa. Wapo wanaosema ndo haki ilivyotakiwa maana enzi zile hapakuwa na hesabu ya kupima uthabiti wa meli, wote walikuwa wanakisia. Mimi sikubali, jaribio la watu 30 lilikuwa kipimo tosha na lilijibu.

Kwa hiyo wakuu, ungekuwa kwenye lile baraza ungemshika nani, Fleming aliyesema asihangaike, au Hansson aliyejua akafungua tanga?