Wanafunzi watu wazima wanakata tamaa tukifika kwenye ngeli, nifanyeje?

Chaki_Mpya:
Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha Kiswahili kwa watu wazima wageni wa lugha. Mwanzoni wanakuja na moto: salamu, kujitambulisha, kuhesabu. Tukianza ngeli na upatanisho, nyuso zinabadilika. Wengine wanakosa vipindi, kisha kimya kabisa. Nimejaribu michezo na zawadi ndogo. Mnawashikaje?

Msahihishaji:
Wape jaribio fupi kila wiki. Mtu mzima anataka kujua amefika wapi.

Bi_Ubao:
Jaribio lina kazi yake, lakini kwa anayeyumba mimi silitangulizi. Siku ya kwanza namuuliza kila mmoja: unataka kuzungumza na nani? "Napenda lugha" silipokei kama jibu, nataka mtu. Mmoja alinijibu: mama mkwe. Mwingine, muuguzi, akataja wagonjwa wake wazee. Naandika daftarini, na mifano yangu yote inatoka humo. Muuguzi akijifunza "mguu unauma, miguu inauma", ameshaingia kwenye ngeli ya U-I bila kuona jedwali. Zoltán Dörnyei, mtafiti wa ari ya kujifunza lugha, alisisitiza jambo hili mwaka 2005: ari ya kujifunza lugha hutegemea sana jinsi mtu anavyojiona akiitumia siku za mbele.

Jedwali zima usilibandike mapema, nakuomba. Anza na A-WA. Watu wazima huzungumza kuhusu watu, na hapo mtoto, daktari na kipofu wote "amekuja". Kisha KI-VI, maana sikio lenyewe linasaidia: kitabu changu kimepotea. Zilizobaki zije taratibu, kila moja na mazungumzo yake.

Na usimkate mtu katikati ya sentensi. Akisema "kitabu yangu imepotea", wengi wetu tunairudia ikiwa sahihi na kuendelea. Watafiti Lyster na Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, wakaeleza mwaka 1997 kwamba njia hiyo ndiyo walimu waliyoitumia zaidi, lakini mara nyingi wanafunzi hawakujisahihisha baada yake. Mimi namwacha amalize, halafu nasema "Kitabu…" na kunyamaza. Kunyamaza ni kugumu, mwalimu hupenda kuokoa. Lakini akiitoa "changu" mwenyewe, utaona anavyokaa vizuri kitini.

Chaki_Mpya:
Asante sana Bi. Darasa langu ni kubwa, nitaandaaje mifano ya kila mmoja? Na asiye na mtu wa kuzungumza naye?

Bi_Ubao:
Usiandae peke yako. Mwisho wa kipindi kila mmoja aandike sentensi chache za kumwambia mtu wake. Kipindi kijacho tunaanza na habari: ulisema nini, ukajibiwa nini? Jibu ambalo hakulielewa ndilo somo la siku hiyo, na darasa zima linataka kulijua.

Asiye na mtu yupo. Mwanafunzi wangu mmoja alitaka tu kusoma barua alizoachiwa na marehemu baba yake. Sikumsukuma kuzungumza. Tulishika barua, aya baada ya aya, na ngeli alizikuta humo. Maswali ya sarufi aliyokuwa akiniuliza yalikuwa mazito kuliko ya darasa zima, kwa sababu alihitaji kujua baba alimaanisha nini.

Hao walionyamaza, usisubiri warudi. Wapigie simu mmoja mmoja uwaulize: ulitaka kuzungumza na nani?

Chaki_Mpya:
Naanza kuwapigia jioni hii.