Naomba ushauri: fimbo ya pool imepinda kipande cha mbele

Wakuu, habari zenu. Fimbo ni ya vipande viwili, mti wa maple, ncha milimita 13. Nimefungua kipande cha mbele na kukiviringisha peke yake mezani: katikati kinainuka, mwanga unapenya chini yake unene wa sarafu, halafu kinalala tena. Cha nyuma kinaviringika sawa, na uso wa kiungio umekaa vizuri, kwa hiyo ni mti wenyewe. (Kiungio kikikaa upande, fimbo huyumba hata kama vipande vyote vimenyooka, wengi hulaumu mti bure.)

Kunyoosha kwa mvuke naogopa: unyevu huvimbisha nyuzi, gundi ya pete ya ncha inaweza kuachia, na mti ukikauka hupinda tena. Kukereza kwa mashine kunaondoa upindo lakini unene unapungua, fimbo inanepa mno ikipiga.

Waliowahi kunyoosha: kukunja kwa mkono kidogo kidogo upande wa pili, au kutundika wima na uzito chini, kipi hudumu? Uzito kiasi gani, kwa muda gani? Na baadaye mnaziba mti kwa nta au vanishi?