Tupeane uzoefu: Ubwiri unga kwenye matango na maboga, bila dawa kali

Wakuu, kipupwe kimeingia na ubwiri unga umefika nao. Ugonjwa huu hauhitaji jani lililoloa kama fangasi wengine, ndiyo maana hapa Dodoma unashambulia bustani wakati hakuna hata tone la mvua. Majani yaliyosongamana na baridi ya usiku vinautosha. Mwenye njia isiyo na sumu kali alete na vipimo kamili.

Kutoka Hombolo
Kwanza hakikisheni ni wenyewe. Pitisha kidole juu ya jani kuukuu la chini: unga mweupe ukifutika na kubaki kidoleni, ni ubwiri unga. Ukiona mabaka ya njano yenye pembe, yaliyokatwa na mishipa ya jani, huo ni ubwiri vinyoya, na haya tunayojadili hayautibu.

Maziwa yanafanya kazi. Mwaka 1999 mtafiti wa Brazil alichapisha matokeo yake kwenye zukini (aina ya boga dogo), akipulizia maziwa kila wiki. Kipimo cha kuanzia ni lita 1 ya maziwa mabichi kwa lita 9 za maji. Chuja kwa kitambaa, la sivyo nozeli itaziba. Pulizia asubuhi jua likichomoza, juu na chini ya jani, rudia kila baada ya siku 7. Yaliyoenguliwa mafuta ni bora, maana mafuta yakibaki yananuka na kuota ukungu mwingine. Anza ukiona madoa mawili matatu. Jani likishageuka jeupe lote, likate ulitoe bustanini, usipoteze maziwa.

Kutoka Nzuguni
Bekingi soda: gramu 4 kwa lita, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Bomba la lita 15 linachukua gramu 60, pamoja na vijiko 3 vya chai vya sabuni ya maji ili dawa ishike jani. Sabuni ya unga ya kufulia msitumie, inaunguza. Jaribu majani machache, subiri siku 2, ndipo upulizie shamba zima.

Tafadhali sana, bekingi soda siyo magadi ya maharage, siyo hamira, wala siyo magadi soda ya kutengenezea sabuni. Hiyo ya mwisho itakausha bustani yote.

Kutoka Bahi
Naongezea hapo kwa mkuu wa Nzuguni. Bekingi soda ina sodiamu, na visima vyetu vingi huku kati vina maji ya chumvi. Ukipulizia kila wiki huku unamwagilia maji hayo hayo, chumvi inarundikana: kingo za majani zinakauka rangi ya kahawia, udongo unaganda na kutopitisha maji. Watu hudhani ugonjwa umezidi, wanaongeza dozi. Kama maji yako yana chumvi, tumia maziwa au salfa (unga wa njano wa kuzuia fangasi), na bekingi soda iwe mara mbili tu kwa msimu, kwa maji ya mvua au ya bomba la mjini.

Kutoka Mpunguzi
Wakulima wa zabibu wanaijua salfa siku nyingi. Ile ya kuchanganya na maji, asilimia 80, anza na gramu 2 kwa lita, yaani gramu 30 kwa bomba la lita 15, na soma kibandiko. Inakinga kuliko inavyotibu, kwa hiyo iwahi. Matango na matikiti yanaungua nayo joto likipita nyuzi 32, hivyo pulizia jioni. Usiichanganye na mafuta ya aina yoyote; kati ya salfa na mafuta ya mwarobaini ziwe siku 14. Vaa barakoa na miwani.

Na mbolea ya urea punguzeni. Majani laini yaliyojaa naitrojeni ndiyo chakula cha ubwiri.

Kutoka Kongwa
Vipi kwenye nyanya? Maziwa nimepulizia, hola.

Kutoka Hombolo
Mkuu, ubwiri wa nyanya mara nyingi ni jamii nyingine. Juu ya jani unaona doa la njano, unga uko chini, na fangasi mwenyewe yumo ndani ya jani. Maziwa na bekingi soda hubaki juu juu, hayamfikii. Hapo ni salfa, kabla hajaingia: geuza nozeli itazame juu, pulizia kutoka chini ya mmea, na majani yote yaliyogusa ardhi yaondolewe kwanza ili dawa ipenye.